Deni la Maji Yaliyokwisha Kutumika

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja neno moja lionekanalo kuwa dogo, lakini lina uzito. Mtu akichota kitu katika ardhi, akakitumia, akaimaliza haja yake, je, anawiwa neno lo lote juu ya kile kilichobaki? Wengi watajibu upesi, "Hapana. Nawiwa kwa kitu nilichokitwaa, siwiwi kwa takataka." Jibu hili twalisikia kila siku, wala hatulishangai. Walakini na tulipime kwa mfano mmoja ulio dhahiri, nao ni maji yatokayo katika mitambo inayofanya umeme kwa joto la chini ya ardhi.

Kwanza na tuanze na jambo tulijualo sisi wa pande hizi. Mtu akitoka Kigoma kwa reli kwenda mashariki, atafika Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia katika Malagarasi. Huko hutoka chemchemi za maji ya chumvi. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba hapo walikuta majivu, mafiga na vigae vya vyungu tabaka juu ya tabaka, nao husema kwamba kazi ya kupika chumvi ilikuwako hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Katika karne ya 19 watu walikuja wakati wa kiangazi kutoka nchi nyingi, wakajenga vibanda, wakachota, wakapika. Wakuu wa nchi walipata sehemu yao ya chumvi, na chumvi ile ikauzwa mbali, hata ng'ambo ya ziwa. Basi watu wa nchi hii walijua tangu zamani kwamba kitu kitokacho chini ya ardhi kina taratibu zake. Chemchemi ina majira yake, ina wenyewe, nayo ina kodi yake.

Lakini tazama, taratibu zile zilikuwa za kuchota. Za kubakiza hazikuhitajiwa sana, kwa maana maji yakiisha kukauka chunguni, hakuna kinachobaki ila chumvi yenyewe, majivu na chungu kilichopasuka. Hasara kubwa ya kazi ile ilikuwa kuni, maana moto ulikula miti mingi. Sasa yako maarifa mengine ya kutoa vitu chini ya ardhi, nayo hubakiza vitu vingine kabisa. Sheria ya kuchota tumeirithi. Sheria ya kile kinachobaki yatupasa kuitafuta sisi wenyewe.

Maarifa hayo ni haya. Chini sana ardhini mawe yana moto. Mahali pengine, hasa katika Bonde la Ufa, moto ule haupo mbali, nayo maji yaliyopenya kati ya mawe hupata joto kali mno. Watu huchimba kisima chembamba chenye kina cha mita 1,000 au 2,000, hata 3,000. Maji yale ya moto hupanda kwa nguvu, na kadiri yanapokaribia juu, sehemu yake hugeuka kuwa mvuke. Juu ya ardhi kuna chombo cha kutenga. Mvuke huenda upande mmoja ukazungusha mashine, na mashine ikafanya umeme. Maji huenda upande wa pili. Katika mahali pengi maji haya ni mengi kuliko mvuke kwa uzito. Maana yake, ili kupata sehemu moja ya kutumika, hupandishwa sehemu mbili au tatu zisizotakiwa.

Kazi hii haiko mbali nasi. Huko Katanga, ng'ambo ya ziwa letu, mtambo mdogo wa namna hii uliwekwa Kiabukwa mwaka wa 1952, nao ulitoa kilowati zipatazo 200 kwa ajili ya machimbo. Katika nchi ya Kenya mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na ziwa Naivasha, ulianza kazi mwaka wa 1981, na tangu hapo imeongezwa mingine mikubwa, hata umeme wa mvuke umekuwa nguzo ya nchi ile. Katika Tanzania serikali iliunda mwaka wa 2013 kampuni ya kuendeleza jotoardhi, na mahali palipochunguzwa ni kama Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka katika nyanda za kusini, na Natroni upande wa kaskazini. Hapa Kigoma hakuna mtambo wa namna hii. Walakini tunakaa katika mkono wa magharibi wa Bonde lile lile la Ufa, na umeme haujui mipaka ya wilaya. Husafiri kwa nyaya, ukamwangazia mtu asiyejua umetoka wapi.

Sasa, maji yale yaliyobaki ni maji gani? Si maji ya kunywa. Yamekaa na mawe ya moto miaka mingi, nayo yameyeyusha mengi kutoka kwayo. Yana chumvi. Yana silika, ndiyo ile asili ya kioo, ambayo maji yakipoa hugandamana katika mabomba kama ukoko katika sufuria, hata bomba likaziba. Mara nyingi yana boroni, ambayo ikizidi huunguza mimea, na aseniki, ambayo ni sumu kwa mtu na mnyama. Mahali pengine yana floraidi nyingi. Neno hili la mwisho ndugu zetu wa pande za Arusha na Meru wanalijua bila kufundishwa, maana huko hata maji ya chemchemi za kawaida huwa na floraidi, nayo yamewapa wengi meno ya rangi ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda. Tena pamoja na mvuke hutoka gesi inayonuka kama yai lililooza, nayo ikiwa nyingi huua.

Basi mwenye mtambo ana njia kadha wa kadha. Aweza kuyamwaga maji mtoni. Aweza kuyaweka katika mabwawa, yapoe na kukauka kwa jua. Aweza kuyasafisha, akitoa silika na sumu kwa dawa. Au aweza kuchimba visima vingine, akayarudisha chini yalikotoka. Njia ya kwanza haina gharama kubwa. Njia ya mwisho ni ghali mno, kwa sababu kisima cha kurudishia huchimbwa kwa fedha nyingi kama kisima cha kutolea, nacho hakitoi mwanga hata wa taa moja. Hapa ndipo swali letu linaposimama. Mtu ana fedha za visima kumi. Je, achimbe vyote kumi vya kutoa, au atoe kwa saba na kurudisha kwa vitatu? Watu wanaongojea umeme wataona tofauti usiku ule ule. Watu walio chini ya mto labda wataiona baada ya miaka 20.

Njia ya kwanza imekwisha kujaribiwa. Katika nchi ya New Zealand mtambo wa Wairakei ulifunguliwa mwaka wa 1958, na kwa miaka mingi maji yake yaliyobaki yalimwagwa katika mto Waikato. Aseniki ikaongezeka mtoni. Lakini hayo si yote. Kwa kuwa maji yalitolewa wala hayakurudishwa, ardhi yenyewe ilianza kushuka, na mahali pamoja imeshuka zaidi ya mita 10. Chemchemi zilizokuwa zikiruka karibu na hapo, ambazo watu walisafiri kwenda kuzitazama, zilinyamaza. Baadaye wenye mtambo walianza kurudisha sehemu ya maji chini. Waanzilishi wale hawakuwa watu wabaya, maana kazi ilikuwa mpya duniani. Sisi hatuna udhuru huo, kwa kuwa habari zao tumekwisha kuzisikia. Huko Olkaria maji hurudishwa ardhini kwa visima, na sehemu ya moto wake hutumika kupasha nyumba za maua na bwawa la kuogea kabla haijapotea bure.

Hapa atasimama mtu wa kwanza wa kupinga, naye huenda akawa mvuvi wa Ujiji. Atasema, "Ziwa letu ni kubwa. Dunia nzima haina maziwa mengi kama hili. Maji ya mtambo mmoja yatalifanya nini?" Ni kweli kwamba ziwa ni kubwa. Urefu wake ni yapata kilomita 670, kina chake hufika mita 1,470, na ndani yake mna karibu sehemu moja ya sita ya maji matamu yote yaliyo juu ya nchi bila kuganda. Lakini na tuulize jambo ambalo si wengi hulifikiri: maji ya ziwa hili hutokaje? Mto mmoja tu huyachukua, ndio Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa zaidi huchukuliwa na jua. Na jua huchukua maji peke yake. Chumvi, aseniki na boroni haliziinui hata chembe. Basi ziwa letu ni kama chungu cha Uvinza kilicho jikoni daima: maji hupungua na kuongezwa, na kilichoyeyuka ndani hubaki. Wataalamu wamekadiria kwamba ziwa likitegemea Lukuga peke yake kujisafisha, itachukua miaka elfu kadha. Kwa hiyo ukubwa wa ziwa si ruhusa ya kumwaga. Ukubwa wake ndio sababu ya kutoona kosa mpaka wajukuu wa wajukuu walione, na wakati huo hakuna awezaye kulichota.

Mtu wa pili ni msomi kidogo. Atasema, "Mbona ardhi yenyewe humwaga? Mwaka wa 1987 wataalamu walikuta chini ya ziwa, karibu na rasi ya Banza na huko Pemba upande wa Kongo, matundu yanayotoa maji ya moto. Kama asili hufanya hivyo, kwa nini mtu akatazwe?" Hoja hii ina ujanja ndani yake. Twajibu mambo mawili. Kwanza, kipimo. Chemchemi hutoa kwa mwendo ule ambao ziwa na samaki wake wameuzoea zamani za kale. Pampu hutoa kwa mwendo wa haja zetu. Mvua hunyesha juu ya shamba la jirani yako, lakini hiyo si ruhusa ya wewe kulielekezea mfereji. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, chemchemi haichagui. Haiwezi kuulizwa, "Kwa nini?" Mtu aweza kuulizwa. Wajibu hauanzi mahali penye madhara tu. Huanza mahali penye mtu aliyeweza kufanya vinginevyo.

Mtu wa tatu ndiye mgumu, wala hatupaswi kumdharau. Atasema, "Ninyi mwahubiri usafi, na watu wanakaa gizani. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulipata umeme wake kwa mashine za dizeli, na mafuta yake yaliletwa kutoka mbali kwa gharama. Mama alijifungua kwa mwanga wa kibatari. Nchi tajiri zilimwaga kwanza, zikapata mali, kisha zikajifunza kusafisha. Kwa nini maskini alazimishwe kuchimba visima visivyotoa mwanga?" Neno hili lina haki ndani yake. Mama yule ni mtu halisi, na giza lile ni baya kweli. Ye yote asemaye kwamba mto ni bora kuliko yeye, hajamtazama usoni.

Lakini na tuchunguze sana. Maji yakimwagwa, nani hulipa? Si tajiri wa mji mwingine. Hulipa mwanamke achotaye maji chini ya mtambo, mkulima wa bonde, mvuvi wa dagaa na migebuka. Nao ni maskini kama yule aliyekuwa gizani, ila hawakuketi katika baraza la kuamua. Basi mtu akisema, "Tunamwaga kwa ajili ya maskini," mara nyingi maana yake ni kwamba maskini mmoja amekopa kwa maskini mwingine bila kumwuliza. Huo si msaada, ni mkopo ulioandikwa kwa jina la mtu asiyekuwapo. Kama visima vya kurudishia ni ghali, haki ni kuigawa gharama ile juu ya wote wanaopata mwanga, kidogo kidogo, na matajiri watangulie. Kumwachia mtu wa chini ya mto gharama yote, kwa sababu tu yeye hana sauti, si haki hata kidogo.

Sasa liko jambo jingine, nalo ni la kufurahisha, lakini lina mtego. Katika jimbo la California, Marekani, kuna mahali paitwapo The Geysers, ambapo umeme wa mvuke ulianza kufanywa mwaka wa 1960. Mitambo ikaongezwa, ikaongezwa, hata karibu na mwisho wa miaka ya 1980 mvuke ukaanza kupungua kwa kasi, maana walitoa kuliko walivyorudisha. Basi mwaka wa 1997 bomba refu lilianza kuwaletea maji machafu ya miji ya jirani yaliyokwisha kusafishwa, na mwaka wa 2003 bomba jingine likaja kutoka mji wa Santa Rosa. Maji yale yanamiminwa ardhini, yanapata moto, yanarudi kuwa mvuke. Uchafu ulioisumbua miji umekuwa kuni ya mtambo.

Habari hii hupendwa, na ni haki ipendwe. Lakini wengine huitumia kusema, "Mwaona? Hatuhitaji wajibu. Faida itawafundisha watu kurudisha." Hapo tujihadhari. Faida hufundisha pale tu inapokuwapo. Iko siku ambapo kurudisha hakutaongeza mvuke hata kidogo, kutakuwa hasara tupu kwa mwenye mtambo, na bado aseniki itakuwa aseniki. Mtu arudishaye deni kwa sababu anatazamia kukopeshwa tena, hatujui kama ni mwaminifu. Tutajua siku ile mkopeshaji akifa na kuacha yatima asiyejua hesabu. Tufurahi faida na wajibu zikienda njia moja. Lakini tusiuvunje wajibu kwa sababu kwa muda hatuuhitaji.

Tena tusidhani kwamba kurudisha ni kazi isiyo na hatari. Mji wa Basel katika Uswisi ulitikiswa mwezi wa Desemba 2006, watu walipokuwa wakishindilia maji kwa nguvu katika mawe ya chini ili kupata joto, na kazi ile ikaachwa. Sisi tunakaa juu ya nchi itikisikayo yenyewe. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko kubwa lilitoka chini ya ziwa hili, likabomoa nyumba huko Kalemie na kusikika mbali. Hata kisima cha kurudishia kikijengwa vibaya chaweza kuvuja katika maji matamu ya watu. Kwa hiyo deni letu haliishi kwa kusema, "Tumerudisha." Aliyeazima jembe la jirani halipi kwa kulitupa uani usiku, hulipeleka kwa mwenyewe, akamwonyesha kama limevunjika. Vivyo hivyo mwenye mtambo amepasiwa kupima maji ya visima na mito kabla ya kuanza, kupima tena kila mwaka, na kuwaonyesha watu vipimo vile kwa lugha wanayoisoma. Hesabu iliyofichwa si hesabu.

Mwisho, deni hili ni la nani? Fundi atasema ni la kampuni, kampuni itasema ni la serikali, na serikali itasema ni la wananchi wanaotaka umeme kwa bei ndogo. Kila mmoja amesema kweli nusu. Deni halipungui kwa kuwa wenye kuwiwa ni wengi, ila kila mtu huwiwa kadiri ya uwezo wake wa kufanya vinginevyo. Aamuaye visima vichimbwe wapi anawiwa zaidi. Asomaye kwa taa ile anawiwa kidogo, lakini anawiwa: asikatae gharama ya haki, na aulize swali. Ziwa hili lina nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, nazo ziliutia sahihi mkataba wa kulitunza hapo Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003. Mkataba ule wasema kwa vitendo kwamba hakuna ufuo ulio wa mwisho. Maji ninayoyamwaga mimi yana ufuo wa pili.

Wala tusingojee mtambo uje ndipo tujifunze. Katika nyumba zetu twapika mawese. Chikichi huchemshwa, hupondwa, mafuta huenguliwa, na chini hubaki maji mazito, meusi. Mafuta yana mwenyewe, kila mtu anamjua, na chupa zake huhesabiwa. Je, yale maji meusi ni ya nani? Yakimwagwa katika kijito saa ya jioni, mwenyewe hakuna. Asubuhi jirani akija na ndoo, hapo ndipo mwenyewe hupatikana, lakini si yule aliyeyamwaga.

Basi jibu letu ndilo hili: kuchota na kurudisha ni tendo moja, wala si matendo mawili. Aliyechota na kuacha nusu ya pili, kazi yake hakuimaliza. Ameikatia katikati, akamwachia mwingine mwisho wake. Walimu mnaofundisha watoto hesabu, wafundisheni na hii: mtu akitoa debe kumi ardhini akatumia tatu, zimebaki saba, na zile saba zina jina la mtu juu yake.